"Mara 10,000 kuliko kemotherapi": tuusome ujumbe wa stafeli neno kwa neno

Kama upo kwenye kundi lolote la WhatsApp, la ukoo, la kanisani, la msikitini au la mliosoma pamoja, bila shaka umeshaupata. Unasema stafeli linaua seli za saratani kwa nguvu mara 10,000 kuliko kemotherapi. Haligusi seli nzima. Halinyonyoi nywele. Linatibu aina 12 za saratani. Na eti kampuni moja kubwa ya dawa ilishayajua haya zamani, ikayaficha kwa sababu haiwezi kumiliki mti alioumba Mungu. Mwishoni unaombwa uwatumie wengine, uokoe maisha.

Hapa huwa tunachambua tafiti. Leo tunachambua ujumbe huu, kwanza kwa sababu umesomwa na watu wengi kuliko tafiti zetu zote tukizijumlisha, na pili kwa sababu ile namba yake kubwa haikutungwa. Imetoka kwenye jarida halali la kemia. Ndiyo maana majibu ya haraka ya "huo ni uongo mtupu" hayamshawishi mtu. Aliyeutuma akitafuta kidogo tu mtandaoni ataikuta 10,000 yake imekaa pale, na wewe uliyembishia ndiye utaonekana mjinga.

Kwa hiyo tufanye kazi yetu: tuone namba ilisema nini ilipozaliwa, na ilipofika kwenye simu yako ilikuwa inasema nini.

Namba ilizaliwa wapi

Mwaka 1996, maabara ya Jerry McLaughlin katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ilichapisha makala katika Journal of Natural Products kuhusu kemikali tano mpya kutoka mstafeli, Annona muricata. Kemikali hizo ni za kundi linaloitwa asitojenini. Mojawapo ilijaribiwa kwenye seli za saratani ya utumbo mpana zinazoitwa HT-29, na nguvu yake ikaonekana kuwa mara 10,000 ya Adriamycin, dawa ya kemotherapi inayojulikana pia kama doksorubisini.

Namba yote ni hiyo. Sasa angalia nini kimepotea njiani.

Kemikali hizo zilitoka kwenye mbegu. Ujumbe unazungumzia juisi ya tunda na chai ya majani, na mbegu ni sehemu ambayo kila mama aliyewahi kusaga juisi ya stafeli huitoa na kuitupa.

Iliyojaribiwa ni kemikali moja iliyochujwa na kusafishwa, ikawekwa kwenye sahani ya maabara kwa kipimo kinachojulikana. Aliyekunywa glasi ya juisi hajanywa kitu hicho. Amekunywa maji, sukari, nyuzinyuzi na mamia ya kemikali nyingine, na hajui kipimo cha hata moja.

Halafu ni aina moja ya seli, dhidi ya dawa moja. Ujumbe umeigeuza kuwa "saratani" dhidi ya "kemotherapi". Lakini kemotherapi ni kundi la dawa nyingi zinazofanya kazi kwa njia tofauti, na Adriamycin si dawa ambayo madaktari huitegemea kwa saratani ya utumbo mpana. Ni kama mtu aseme amemshinda bingwa, kumbe alicheza naye mchezo ambao si wake.

Neno lililoleta balaa: "huchagua"

Kosa la hapa ni la ndani zaidi, na linahusu neno moja tu. Makala ile ilisema kemikali hiyo ilikuwa na sumu yenye kuchagua dhidi ya HT-29. Mtu wa kawaida akisoma "inachagua" anaelewa inachagua seli mbaya na kuziacha nzuri. Mantiki yake haina ubaya, mimi pia nisingemlaumu.

Ila katika majaribio ya namna ile, kinacholinganishwa ni seli za uvimbe wa aina mbalimbali: mapafu, titi, utumbo, figo, tezi dume, kongosho. Kusema kemikali imechagua HT-29 ni kusema iliziua za utumbo kwa urahisi kuliko ilivyoziua za uvimbe mwingine. Ni kuchagua kati ya wagonjwa na wagonjwa. Swali la seli nzima halikuwa mezani.

Kwa hiyo sentensi ya "haligusi seli nzima", ambayo ndiyo inayomfariji mgonjwa kuliko zote, imejengwa juu ya tafsiri mbovu ya neno moja la kitaalamu. Na lawama hapa si za aliyetafsiri peke yake. Wanasayansi tunapenda kuchukua maneno ya watu, tukayapa maana yetu ya chumbani, kisha tunashangaa yanapotoka nje yakiwa na maana yake ya zamani.

Kuua seli kwenye sahani ni kazi rahisi

Jiki inaua seli za saratani. Chumvi ikizidi inaua. Maji ya moto yanaua. Kwenye sahani ya plastiki, seli imekaa peke yake bila ini la kusafisha sumu, bila figo, bila damu ya kuisambaza dawa kila mahali, bila moyo na ubongo ambao nao utaonja dawa hiyohiyo. Kigumu ni kuua seli ya saratani ndani ya mtu na kumwacha mtu.

Manjano ni mfano mzuri. Kurukumini, ile rangi yake ya njano, imeandikwa katika maelfu ya makala kwamba inaua seli za saratani. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa waliipitia hoja yote katika Journal of Medicinal Chemistry. Walikuta zaidi ya majaribio 120 kwa binadamu, kwa magonjwa mbalimbali, na hakuna hata jaribio moja la kupofusha pande mbili lenye kundi la dawa bandia lililofaulu. Kurukumini haidumu mwilini, inafyonzwa vibaya, na ina tabia ya kuzidanganya mashine zetu za vipimo zionyeshe matokeo ambayo hayapo. Pilau litaendelea kuwa tamu, lakini si tiba.

Eti halina madhara

Tujiulize kwanza asitojenini zinauaje. Zinaziba hatua ya kwanza ya mnyororo wa kuzalisha nishati ndani ya mitokondria, ile sehemu ya seli inayogeuza chakula kuwa nguvu. Seli ikikosa nishati inakufa. Vizuri. Ila mitokondria haziko kwenye saratani tu. Na kiungo kinachokula nishati kwa pupa kuliko karibu vyote ni ubongo.

Mwaka 1999, jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi kutoka kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, ambako watu hula matunda ya jamii ya stafeli na topetope na kunywa chai ya majani yake. Madaktari walikuta idadi isiyo ya kawaida ya wagonjwa wenye dalili zinazofanana na Parkinson lakini zisizoitikia dawa zake za kawaida, na walaji wa mimea hiyo walikuwa wengi miongoni mwao. Baadaye panya waliopewa anonasini, asitojenini kuu ya stafeli, kwa njia ya mshipa kwa siku 28 waliharibika sehemu za ubongo. Watafiti walipopima tunda lenyewe walikadiria kwamba mtu mzima anayekula stafeli moja kila siku kwa mwaka mzima anaingiza kiasi cha anonasini kinacholingana na kile kilichowadhuru panya wale.

Tuwe waadilifu hapa pia, maana haifai kuwakosoa wengine kwa kukuza mambo halafu na sisi tukayakuza. Panya walipewa kwa mshipa, watu wanakula kwa mdomo, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Ufaransa walipoupitia ushahidi mwaka 2010 hawakuweza kuthibitisha kwamba tunda ndilo chanzo cha ugonjwa ule. Ukila stafeli msimu wake ukifika, kula kwa amani. Lakini ujumbe haukuambii ule msimu ukifika. Unamwambia mgonjwa aliyedhoofika anywe kila siku, miezi mfululizo, majani na mbegu pamoja. Huyo ndiye ambaye swali la Guadeloupe linamhusu, na ndiye ambaye ujumbe umemhakikishia "halina madhara".

Eti kampuni zimeficha

Hoja hii inapendwa kwa sababu inaeleza kila kitu: kwa nini hospitali hawasemi, kwa nini daktari anakunja uso. Tatizo lake ni kwamba historia ya dawa za saratani imejaa mimea ambayo kampuni hazikuificha hata kidogo. Ziliikimbilia.

Lile ua dogo jeupe au la waridi linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani, Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, huko Kanada, waliyachunguza majani yake yaliyotumwa kutoka Jamaika kwa kuwa yalisifika kutibu kisukari. Sukari haikushuka kwa maana yoyote. Panya wakafa kwa maambukizi, na walipochunguzwa chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Noble na Beer wakajiuliza: kinachoangusha chembe nyeupe, je, kitafaa kwa saratani ya damu? Wakapata vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ikaifanyia kazi pamoja na ndugu yake vinkristini, na miaka ya mwanzo ya 1960 zote zikawa dawa. Leo vinkristini imo kwenye matibabu ya watoto wenye saratani ya damu, na wenye limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari mpasuaji Mulago, Kampala.

Na vinkristini si "laini" kwa sababu imetoka kwenye ua. Inaharibu neva. Ikidungwa kwa bahati mbaya kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa, karibu kila mara inaua. Paklitakseli nayo ilitoka kwenye magome ya mti wa Marekani uitwao yew, ikaidhinishwa mwaka 1992, ikaingiza mabilioni ya dola. Kwa hiyo ile kemotherapi inayotukanwa kwenye ujumbe, sehemu yake ni miti shamba. Tofauti ni kwamba hii imepimwa.

Lakini mfano ninaotamani kila mwanafunzi wetu aujue uko karibu zaidi, Shimba Hills, Kwale.

Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake walitangaza maitansini, kemikali waliyoipata kwenye miti ya jenasi ya Maytenus kutoka Afrika Mashariki. Kwenye sahani za maabara ilikuwa balaa: mara 100 hadi 1,000 kuliko vinkristini. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa inaitaka, na katika muongo huo zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills. Mti ulipohitajika tena miaka michache baadaye, msitu ulikuwa haujajirudi, wavunaji wakahangaika. Wadigo, ambao walikuwa wanaujua mti huo na kuutumia, hawakuombwa ridhaa wala hawakutambuliwa. Kama mnatafuta kashfa ya kweli kuhusu dawa na miti yetu, hii hapa, na hakuna anayeisambaza.

Sasa matokeo. Maitansini ilipopewa wagonjwa ilishindwa. Kuhara, kutapika, neva kuumia, na uvimbe ukawa palepale kwa walio wengi. Namba ile kubwa ya maabara haikuwa na maana kwa sababu sumu iliyokuwa kali kwa saratani ilikuwa kali kwa kila kitu. Ikawekwa kando.

Ilichukua mpaka 2013 kurudi, na ilirudi kwa mlango mwingine. Watafiti waliibadilisha kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili iitwayo trastuzumabu, inayoshika seli za saratani ya titi zenye kiasi kikubwa cha protini ya HER2. Kingamwili inabeba sumu mpaka mlangoni, seli inaimeza, ndipo sumu inafunguka ndani. Katika jaribio la wagonjwa 991 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 30.9, dhidi ya 25.1 kwa waliopata matibabu ya kulinganisha. Karibu miezi sita. Hayo ndiyo matunda ya miaka 41 ya kazi, na kwa familia yenye mgonjwa, miezi sita si kitu kidogo.

Kuna na kichekesho cha mwisho. Malighafi ya dawa hiyo haitoki tena kwenye mti, inazalishwa na bakteria. Na utafiti wa 2014 kwenye mimea ya jamaa, Putterlickia, ulionyesha kwamba hata huko kemikali inatengenezwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya mizizi. Mti ulikuwa mwenye nyumba tu, mpishi alikuwa mpangaji.

Na sisi tusijitoe

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukamcheka shangazi aliyetuma ujumbe. Lakini hebu fungua tasnifu yoyote ya uzamili ya kemia ya mimea kwenye rafu ya maktaba ya chuo chako. Mwanafunzi amechukua mzizi, ameuloweka kwenye ethanoli au methanoli, amepata dondoo ghafi, amelijaribu kwa artemia, vile vidudu vya maji ya chumvi. Nusu yao wamekufa. Hitimisho: mmea huu una uwezo wa kutibu saratani.

Kipimo cha artemia kilitoka maabara ileile ya McLaughlin, Purdue, mwaka 1982. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake: rahisi, hakihitaji mashine za mamilioni, kinakuonyesha dondoo lipi lina kitu cha kufuatilia. Ni kichujio cha kwanza. Anayekigeuza kuwa ushahidi wa tiba anafanya kosa lilelile la ujumbe wa stafeli, tofauti ni kwamba yeye ana jedwali.

Hata wenye bahati ya seli za saratani wana matatizo yao. Kigezo kinachonukuliwa sana kwa dondoo ghafi ni kwamba liue nusu ya seli kwa mikrogramu 30 kwa mililita au chini ya hapo. Utakuta mtu amepata 200 na bado kaandika "matokeo ya kutia moyo". Mwingine anadai dondoo lake linaacha seli nzima kwa sababu halikuua sana seli za Vero. Vero ni seli za figo ya tumbili zilizozoea maisha ya chupa tangu miaka ya 1960. Zina faida zake, lakini si mwakilishi wa uboho wa mtoto anayetibiwa Ocean Road.

Halafu anakuja mwandishi wa habari, anasoma sentensi ya mwisho ya ikisiri, anaandika "Watafiti wagundua mti unaotibu saratani". Tunalalamika katukuza. Sentensi tuliiandika sisi.

Bei ya kosa hili ni nini

Kwenye hospitali zetu wagonjwa wengi wa saratani hufika hatua ya tatu au ya nne. Sababu ni nyingi: umbali, nauli, gharama, vipimo vinavyochelewa, hofu ya kemotherapi, na kumbukumbu ya jirani aliyekwenda hospitali asirudi. Ujumbe wa stafeli haukuzileta sababu hizi. Unaishi ndani yake. Mtu asiye na nauli ya kwenda mjini ana mstafeli uani, na ujumbe unamwambia alichonacho ni bora kuliko asichokipata. Nani asingependa kuamini?

Lakini kuchelewa kuna bei. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwafuatilia wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake kwa saratani ambazo zilikuwa bado hazijasambaa, ukawalinganisha na waliopata matibabu ya kawaida. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5. Kwa saratani ya titi ilikuwa zaidi ya mara tano. Hawa ni watu ambao wengi wao walikuwa bado wana nafasi ya kupona.

Kwa hiyo ujumbe ukiingia tena, ushauri wangu ni huu. Usimjibu shangazi kwa "fake news" na kicheko, maana ametuma kwa mapenzi. Mwambie namba ni ya kweli lakini ni ya kemikali ya mbegu kwenye sahani, si ya juisi ndani ya mtu. Muulize kama kuna mgonjwa anayemfikiria. Mara nyingi yupo. Hapo achana na stafeli, zungumzeni habari ya mgonjwa: ameshafanyiwa kipimo cha kinyama? Majibu yametoka? Anakunywa dawa gani za kienyeji, na daktari anajua? Swali hilo la mwisho lina uzito, kwani mmea unaweza kuvuruga dawa. Mmea wa Hypericum perforatum, unaotumiwa na watu kwa huzuni, umeonyeshwa kupunguza kwa asilimia 42 kiwango cha kitendaji cha irinotekani kwenye damu. Na irinotekani yenyewe chimbuko lake ni mti wa China. Mmea mmoja ulimpunguzia mgonjwa dawa ya mmea mwingine, huku yeye akidhani anaongeza.

Kwa mwanafunzi mwenzangu mwenye dondoo kwenye friji, ombi ni fupi zaidi: rudi kwenye sentensi yako ya mwisho ya ikisiri, uandike ulichokipima. "Dondoo liliua nusu ya artemia kwa kipimo hiki." Itapendeza kidogo kuliko "linaweza kutibu saratani", na hakuna atakayeisambaza. Ila mgonjwa wa Kwale au Kigoma hataahirisha kliniki kwa sababu yako.